Gunia Langu Liko Upande Gani

Mwaka ule serikali ilipokata sifuri mbili kwenye noti,
sisi wa chama cha kahawa, Mbale,
tulikuwa tumeshaagiza kompyuta.
Ankara ilitoka Nairobi kwa dola.
Dola haikukatwa kitu.

Mwenyekiti Wamono akaniambia niitaje bei kwa lugha ya wakulima.
Nikachukua penseli. Dola nikazigeuza shilingi,
shilingi kilo, kilo magunia:
mia mbili na kumi na mawili
na nusu.
Nusu ile ilinisumbua kuliko yote.
Nani aliteremka Masaba na nusu gunia mgongoni
ili tununue kitu kisichoota, kisichochanua?

Kilipita Malaba kwenye lori la sabuni,
kimefungwa sponji kama mtoto njiti.
Kabla ya kukifungua tulinunua kiyoyozi,
kabla ya kiyoyozi tukapaka chumba rangi,
na mlangoni pakaandikwa: VUA VIATU.
Hata benki hatukuwahi kuvua viatu.

Kumbukumbu yake, kilobaiti mia sita na arobaini,
fundi Okumu aliitaja kama mtu anayetaja ekari zake.
Nikamwuliza wataingia wakulima wangapi humo.
"Wote, mama. Umeme usipokatika."

Usipokatika.
Umeme wa Jinja ulikuja ukipenda,
saa nne upo, saa tano haupo,
na kila ulipoondoka uliondoka na tarafa nzima,
majina, madeni, kilo za Budadiri na Bulucheke;
skrini ikabaki na nukta moja ya kijani
ikififia kama jicho la paka aliyekuchoka.

Basi nikawa naandika mara mbili.
Mchana kwa vidole, mbele ya wageni.
Usiku nyumbani, kwenye kibatari,
leja ya zamani, penseli ya zamani.
Malipo yalipotoka sawasawa, sifa zikaenda kwa mashine.
Mafuta ya taa sikuyatia kwenye bei,
ingawa mume wangu aliyahesabu, chupa kwa chupa.
Wala Nandudu na Wopata sikuwatia,
makarani walioachishwa
ili mimi nipate kiti cha magurudumu.

Kisha akashuka Khaukha, kutoka juu kabisa,
kule ambako ukungu haulipi kodi.
Hakujua kusoma. Aliona viatu vya wenzake mlangoni,
akavua gambuti zake, akazipanga.
Akaizunguka mashine, akainama nyuma kwenye nyaya,
akauliza kwa sauti ya mtu anayeulizia mgonjwa wodini:
"Gunia langu liko upande gani?"

Nilitaka kucheka. Kicheko hakikuja.
Nikamwonyesha kitufe cha K.
"Hapa. Jina lako linaanzia hapa,
halafu linapita tena."
Akakibonyeza kwa kidole gumba chenye nyufa za jembe.
K ikatokea, ya kijani, peke yake gizani.
"Imeota," akasema.

Kila msimu alirudi kukijulia hali.
Hakuuliza bei ya kahawa kwanza, aliuliza kitufe.

Mwaka wa tisini na sita tuliiuza kama chuma chakavu,
juu ya mizani ileile ya kahawa:
kilo kumi na tisa na kitu.
Pesa alizotoa mnunuzi nikazigeuza, kwa mazoea.
Hazikujaza debe.

Kabla hajaipandisha kwenye mkokoteni
nilikuwa nimeshang'oa kitufe kwa ncha ya mkasi.
Akaona. Akasema uzito umepungua,
itabidi akate.
"Kata," nikamwambia. "Kata hata sifuri mbili."

Kitufe kiko kwenye mkoba wangu, pamoja na penseli.
Msimu huu Khaukha hajashuka.
Barabara ya Budadiri, wanasema, imeharibika,
na mvua ndiyo kwanza imeanza.